Nta au seramiki ya kupuliza? Kulinda rangi ya gari Mtwara na Lindi

Osha gari kwa maji ya kisima saa sita mchana, liache likauke lenyewe juani, na jioni boneti itakuwa na viduara vyeupe kama vipele. Hiyo ni chokaa na chumvi iliyobaki maji yalipokwenda hewani. Wengi wakiona hivyo hukimbilia seramiki ya kupuliza, dawa ya chupa ya kulinda rangi, na baada ya wiki mbili viduara vimezidi. Chupa haina kosa. Rangi yenye seramiki hufanya maji yajikusanye kuwa matone, na tone lililosimama huacha chokaa yake yote mahali pamoja, ilhali maji yaliyotandaa huisambaza isionekane. Kwa pwani hii, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, swali la nta au seramiki ni la pili. La kwanza ni maji unayooshea na saa unayooshea.

Kilichomo ndani ya kopo na ndani ya chupa

Nta ya asili ya magari msingi wake ni carnauba, unga wa nta unaopatikana kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ikiwa safi ni ngumu, na huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86. Haipakiki hivyo, ndiyo maana kiwandani huchanganywa na mafuta na viyeyusho. Mchanganyiko huo hulainika mapema kuliko carnauba yenyewe, na boneti nyeusi iliyoegeshwa juani Masasi mwezi wa Oktoba inaweza kufika nyuzi 70. Kopo linaloandikwa linadumu miezi mitatu, kwa gari linalolala nje huku lihesabu wiki nne hadi sita.

Seramiki ya kupuliza si kigae kilichosagwa. Ni majimaji yenye resini za silikoni ambazo zikikauka hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuishika rangi, zikiacha utando ulio ndugu wa kioo na mchanga. Haiyeyuki kwa jua, na sabuni kali huimaliza polepole kuliko inavyoimaliza nta. Chupa nyingi huahidi miezi sita au mwaka. Kwa gari linaloshinda nje, miezi mitatu ni hesabu ya haki. Usiichanganye na seramiki ya kichupa kidogo cha mililita 30 au 50, ile inayopakwa kwa sponji kipande kwa kipande na kudumu miaka miwili au zaidi. Hiyo ni kazi ya fundi aliyekwisha kupiga polishi gari zima, na kosa lake huondolewa kwa mashine tu.

Ukiona chupa imeandikwa 9H, ni kipimo cha penseli: penseli ngumu ya 9H inasukumwa juu ya utando, na isipoukwaruza, utando umefaulu. Hakihusiani na ugumu wa jiwe wala almasi. Mchanga wa Msimbati hauna habari na penseli.

Klia, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi, kwa kawaida ina unene wa maikroni 35 hadi 50, kama nusu ya karatasi ya kuandikia. Nta au seramiki ya kupuliza haifikishi hata maikroni moja. Kwa hiyo hakuna kati ya hizo inayozuia kokoto za barabarani, mkwaruzo wa tawi wala ufunguo wa mtoto. Kazi yake ni kufanya uchafu using'ang'anie, kupunguza makali ya jua kidogo, na kukupa muda wa kufuta kinyesi cha kunguru kabla hakijachimba.

Na polishi si nta. Polishi ina chembe zinazokwangua klia kidogo ili kuondoa mikwaruzo; hailindi chochote. Ukipiga polishi kila mwezi ukidhani unapaka nta, unaimaliza klia, na hasa kwa magari yaliyoingia nchini yakiwa yametumika tayari, hujui waliotangulia wamebakiza kiasi gani.

Gari lipi lipate nini

Noah, IST au Hilux inayolala nje, inayokwenda Newala au Nachingwea na kurudi na vumbi jekundu, ipewe seramiki ya kupuliza. Hapo hakuna mjadala mrefu. Nta huwa laini kidogo kwenye joto, vumbi linaishika, na ukifuta vumbi hilo kikavu unakwangua.

Nta ina nafasi yake kwenye gari la zamani lenye rangi ya tabaka moja isiyo na klia, ambalo ukilisugua kwa kitambaa kitambaa hushika rangi ya gari. Rangi ya namna hiyo hukauka na kupauka, na mafuta yaliyomo kwenye nta huirudishia wekundu au weusi wake kwa namna ambayo seramiki haiwezi. Nta inalifaa pia gari linalolala ndani na kutoka siku za sherehe, na boneti iliyotoka kupakwa rangi gereji. Ila rangi hiyo mpya iache siku 30, bora 60, kabla ya kuipaka kitu chochote. Viyeyusho vyake bado vinatoka. Ukivifungia ndani rangi hufifia au hutoa malengelenge.

Ukitaka vyote viwili, seramiki itangulie na nta ifuate. Kinyume chake hakishiki: seramiki iliyopulizwa juu ya nta imeshika nta, si rangi, nta ikiondoka zinaondoka pamoja.

Maji

Jaribu maji yako kabla ya kununua chochote. Dondosha matone matatu kwenye kioo cha dirisha, yaache yakauke juani. Yakiacha duara jeupe linaloonekana ukisimama hatua mbili, maji hayo yanafaa kuoshea lakini si kusuuzia mara ya mwisho. Visima vingi vilivyo karibu na bahari viko hivyo.

Dawa ya bei rahisi ipo juu ya paa: maji ya mvua, ambayo karibu hayana chokaa kabisa. Familia za Newala na Tandahimba zimekuwa zikiyavuna tangu zamani kwa sababu ya shida ya maji ya uwandani. Lita 15 za maji ya mvua zinatosha kusuuza IST mara ya mwisho ukiyamwaga polepole kwa kopo kuanzia juu ya paa. Acha mvua ya kwanza ya msimu ioshe mabati kwanza, kwa sababu imebeba vumbi na chumvi ya upepo wa bahari. Bomba la mgongoni la kupulizia mikorosho lingerahisisha kazi hii, lakini liwe jipya; lililokwisha kubeba viuatilifu halisafiki vya kutosha kugusa gari wala mikono yako.

Kama huna maji ya mvua, osha saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kivulini, na ukaushe kwa kitambaa papo hapo, upande mmoja baada ya mwingine.

Kuandaa rangi

Hapa ndipo kazi ilipo. Kupuliza chenyewe ni dakika arobaini. Maandalizi ni saa mbili hadi tatu, na seramiki inayobanduka baada ya wiki tatu karibu siku zote ilipakwa juu ya uchafu, mafuta au nta ya zamani.

Weka ndoo mbili za lita 20. Moja ina shampuu ya gari kwa kipimo cha chupa, nyingine maji matupu ya kusuuza kitambaa. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, huondoa kinga na kukausha mipira ya milango, ila kwa siku hii moja unataka nta ya zamani iondoke, kwa hiyo sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 10, inaruhusiwa. Mwagia gari maji kwanza mchanga ushuke. Kisha osha kutoka paa kwenda chini kwa mistari iliyonyooka, usizungushe mkono. Rimu na sehemu za chini ya milango ziwe na kitambaa chao, kwa kuwa huko ndiko mchanga mwingi uliko.

Madoa ya lami yaliyorushwa na matairi hulainika kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa: gusa, subiri dakika moja, futa bila kusugua, halafu osha hapo kwa sabuni mara mbili. Mafuta ya taa yakibaki, seramiki haishiki.

Vumbi la saruji ni balaa la peke yake kwa wanaoegesha karibu na maeneo ya ujenzi au njia za malori ya saruji. Likiwa kavu lipeperushe kwa maji mengi bila kuligusa. Likishapata umande na kuganda, loweka kitambaa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kilaze juu ya doa dakika mbili, suuza, rudia. Usilikwangue kwa kucha wala kwa kadi.

Rangi ikishakauka, ingiza vidole kwenye mfuko mwembamba wa nailoni, ule wa kufungia mkate (mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, wa mkate bado upo), na upitishe juu ya boneti. Nailoni huongeza hisia ya vidole. Ukisikia vichembe kama msasa, hizo ni punje za chuma cha breki, ukungu wa rangi ya gereji au utomvu uliokauka. Vitoe kwa udongo wa klei unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Kata kipande cha gramu 50, kibonyeze kiwe bapa, lowesha rangi kwa maji ya shampuu, na kitelezeshe bila kukandamiza. Kikianza kuwa cheusi kikunje upate upande safi. Kikianguka chini, kitupe. Punje moja ya mchanga iliyonasa humo itachora gari zima.

Mwisho wa maandalizi ni kufuta mafuta. Changanya sehemu moja ya alkoholi ya aisopropili ya asilimia 70 na sehemu tatu za maji ya mvua au maji ya betri yasiyo na tindikali. Hapo unapata takriban asilimia 17, inatosha. Pulizia kwenye kitambaa, futa kipande kwa kipande. Soma lebo dukani: baadhi ya spiriti za duka la dawa zimetiwa mafuta ya nyonyo, na hizo zinaacha kile hasa unachotaka kukiondoa.

Kupuliza seramiki

Gari liwe kivulini na bati lake liwe la ubaridi kwa kiganja. Kama huwezi kuweka kiganja kwenye boneti sekunde kumi kwa raha, subiri. Joto na unyevu wa pwani hii vinaharakisha kuganda: kinachochukua dakika mbili nchi za baridi, hapa kinaweza kuganda ndani ya nusu dakika, na kikiganda kabla hujakifuta kinabaki mistari ya upinde wa mvua. Asubuhi hakikisha umande umefutwa wote, hata kwenye mikunjo ya milango.

Vaa glovu, simama upande upepo unakotoka. Tikisa chupa sekunde kumi na tano. Fanya kipande cha sentimita 60 kwa 60 tu, kama nusu ya boneti ya gari dogo. Pulizia kwenye kitambaa, si kwenye gari, hasa wakati wa kusi ambapo nusu ya dawa itaishia kwenye kioo cha mbele. Kitambaa cha kwanza kipate mibonyezo mitano ili kilowe. Baada ya hapo mibonyezo mitatu kwa kila kipande. Tandaza kwa mistari ya kwenda na kurudi, kisha ya kukatiza, na mara moja futa kwa kitambaa cha pili kilicho kikavu. Geuza kitambaa upande mwingine, futa tena hadi ukiinama na kutazama kwa ubavu usione ukungu. Ndipo uhamie kipande kingine.

IST hugawanyika vipande 18 hadi 20, Noah karibu 30. Mbonyezo mmoja hutoa mililita moja hivi, kwa hiyo IST inakula mililita 60 na Noah 90. Chupa ya mililita 500 inakutosha IST mara nane. Ukiona umetumia robo chupa kwa IST moja, hujalinda zaidi. Umeongeza tu kazi ya kufuta.

Vitambaa viwe maikrofaiba ya manyoya mafupi, vinne kwa gari dogo: kimoja cha kupakia, viwili vya kufutia, kimoja cha akiba. Kipande cha kanga au fulana kuukuu hakifai; pindo na uzi wa mshono huchora klia. Ukimaliza, viloweke papo hapo kwenye maji ya vuguvugu na sabuni. Resini ikikauka ndani ya kitambaa, siku nyingine kitambaa hicho ni msasa.

Usipake kioo cha mbele, waipa zitaruka na kulia. Usiguse diski za breki wala uso wa tairi. Kisha gari lisipate maji kwa muda wa saa 12, bora 24, wala lisilale kwenye umande. Siku za mvua za Januari hilo ni gumu, ndiyo maana kazi hii ina msimu wake.

Kupaka nta

Maandalizi ni yaleyale. Chukua nta kwa sponji yenye unyevu kidogo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba kwa nusu ya boneti; gari dogo halihitaji zaidi ya gramu 20. Tandaza nyembamba mpaka rangi ya gari ionekane chini yake. Subiri dakika kumi hadi ishirini, kisha pitisha kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, futa, kikiburuta kama samli, bado. Kosa la kawaida ni kupaka nene kama siagi kwenye mkate. Kinachozidi hakiingii popote, kinakuwa gundi tu ya kusugua hadi mabega yaume. Koti la pili lisubiri siku moja.

Epuka plastiki nyeusi za bampa. Nta hukauka nyeupe kwenye vinyweleo vyake. Itoe kwa mswaki laini na ule mchanganyiko wa alkoholi.

Yanayokwenda kombo

Mistari ya upinde wa mvua ikionekana saa moja baadaye, pulizia kidogo seramiki ileile juu yake, itailainisha, kisha futa haraka. Ikiwa imepita siku mbili, tumia polishi nyepesi kwa mkono hapo tu, futa mafuta, upake upya.

Maji yakiacha kujikusanya matone, usiseme seramiki imekwisha. Mara nyingi imefunikwa na vumbi na chumvi ya bahari. Osha vizuri kwa shampuu halafu mwagia tena. Yakiendelea kutandaa, ndipo imekwisha.

Viduara vya chokaa vya siku chache hutoka kwa siki ileile ya nusu kwa nusu, dakika moja, na kusuuza vizuri. Paka tena seramiki hapo, kwa kuwa siki huidhoofisha. Vya miezi vimeshachimba klia, hivyo ni vya polishi.

Msimu wa mabibo usiegeshe chini ya mkorosho, hata kama kivuli kinavutia. Aliyewahi kuvaa shati jeupe shambani anajua doa la bibo halitoki, na klia nayo haipendi maji hayo wala utomvu wa mti. Likishaanguka, mwagia maji mara moja. Kinyesi cha ndege kilowekwe kwa kitambaa chenye maji dakika tano kisha kiinuliwe, kisisuguliwe. Jua hutanua klia, na ikipoa husinyaa kukizunguka na kubaki na alama. Unga wa njano wa salfa inayopuliziwa mikorosho, ambao wakati wa kiangazi husafiri mbali na upepo, uondolewe kwa maji tupu. Ukiufuta mkavu unasugua chembe kwenye rangi.

Lini

Paka mara ya kwanza Mei, mvua zikiisha na hewa ikianza kukauka. Mara ya pili Septemba, kabla mabibo hayajaanza kudondoka na kabla jua la Oktoba halijasimama juu ya kichwa. Ya tatu mwishoni mwa Novemba, siku kavu za mwisho kabla ya mvua. Katikati ya hapo osha kila wiki. Anayeishi ufukweni, kama Shangani au Mikindani, amwagie gari maji yasiyo na chumvi kila baada ya siku tatu au nne hata bila sabuni, na asisahau chini ya gari, kwa sababu chumvi hula bati kabla ya rangi.

Chupa ikae ndani ya nyumba, kifuniko kimefungwa, si kwenye buti. Kabla ya kila matumizi ijaribu kwenye kioo cha upande: ikitoka na mabonge au vipande kama jeli hata baada ya kutikiswa, imeganda, na hakuna maji wala kiyeyusho kitakachoirudisha.